Jembe, gunia la makaa na mlango wa mkangazi: nani anaumaliza msitu wa Kongo?

Ukitajwa msitu wa Kongo, wengi wetu hukimbilia jibu moja: makampuni makubwa ya kigeni yanakata magogo, yanapakia melini na kuondoka. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni kipande kidogo cha khabari. Na kwa kuwa wakubwa wa dunia nao wamelishika jibu hilo, zaidi ya miaka 20 imepita wakilinda mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne.

Takwimu za karibuni zinatosha kumshtua mtu. Chuo Kikuu cha Maryland na taasisi ya World Resources Institute, ambao hufuatilia misitu kwa picha za setilaiti, walieleza kwamba mwaka 2024 dunia ilipoteza hekta milioni 6.7 za msitu mkongwe wa kitropiki, yaani ule ambao haujawahi kufyekwa. Mwaka 2023 hasara ilikuwa hekta milioni 3.7. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na moto, khasa Brazil na Bolivia. Lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilivunja rekodi yake: kiasi cha hekta 590,000 ziliondoka kwa mwaka mmoja. Kwa anayeijua Unguja, hizo ni zaidi ya Unguja tatu nzima, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi.

Msitu huo si wa watu tusiowajua. Bonde la Kongo lina msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani baada ya Amazon, na takriban asilimia 60 yake imo ndani ya nchi hiyo moja. Upande wake wa mashariki ni nchi ya Kiswahili: Kisangani, Bunia, Beni, Kindu, Kasongo. Wapo miongoni mwa wasomaji wetu ambao wazee wao waliishi na kufanya biashara Bukavu, Bujumbura au Kigali kabla ya kurudi Oman baada ya mwaka 1970. Kwa hiyo suali la nani anaumaliza msitu huo linatuhusu, na mwisho wa makala tutaona kwamba linatuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Mlango wa kwanza: jembe

Mwaka 2018 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa picha za setilaiti za Bonde la Kongo kuanzia mwaka 2000 hadi 2014. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Asilimia 84 ya eneo la msitu lililoharibiwa ilitokana na wakulima wadogo wanaofyeka kwa mkono, bila ya trekta. Uvunaji wa magogo wa makampuni ulikuwa kiasi cha asilimia 10. Mashamba makubwa ya kisasa, yale yanayomaliza misitu ya Brazil na Indonesia, yalikuwa na sehemu ndogo sana.

Kabla ya kumlaumu mkulima huyo, tumwelewe. Kilimo chake ni cha zamani na kina akili yake. Wakati wa ukavu hufyeka kipande cha msitu, huacha miti ikauke, kisha huchoma. Majivu ndiyo mbolea. Hupanda mihogo, mahindi, mpunga na ndizi. Baada ya misimu miwili au mitatu udongo huchoka, magugu huzidi, naye huhamia kipande kingine na kuliacha konde la zamani lipumzike. Zamani konde lilipumzika miaka 15 au 20, msitu ukarudi, na mjukuu akaja kufyeka pale alipofyeka babu. Kwa karne nyingi mambo yalikwenda hivyo na msitu ukabaki.

Kilichobadilika si mkulima, ni hesabu. Kongo sasa ina zaidi ya watu milioni 100 na idadi yao inaongezeka kwa kasi kubwa. Barabara ni chache, na watu wamejipanga kandokando ya barabara hizo na mito. Pale walipo, makonde hayapati tena miaka 20 ya kupumzika. Hupata mitano, pengine mitatu. Udongo hurudiwa kabla haujapata nguvu, mavuno hupungua, na njia iliyobaki ni kuingia ndani zaidi kwenye msitu mkongwe.

Vita vimezidisha. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu milioni 7 waliohama makwao ndani ya nchi, wengi wao mashariki. Mtu aliyekimbia kijiji chake anafika pahala asipo na shamba wala chakula. Atafyeka. Nani atamwambia asifyeke?

Liko jambo jengine ambalo wataalamu wa hali ya hewa mara nyingi hulisahau na wanasheria wa ardhi hulijua vyema. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni mali ya dola. Mwanakijiji hana hati, wala hana njia nyepesi ya kuipata. Kimila, anayefyeka ndiye mwenyewe: shamba lililosafishwa lina mwenyewe, msitu uliosimama hauna. Kwa mfumo huo mtu mwenye busara akitaka kuwawekea watoto wake ardhi, anachukua panga na kuanza kazi. Kumhubiria juu ya hewa ya dunia bila ya kumpa haki ya ardhi yake ni kumwomba aache urithi wa wanawe uchukuliwe na mwingine.

Mlango wa pili: gunia la makaa

Kwa Waswahili wa Goma na Bukavu, makaa huitwa makala. Mgeni kutoka Unguja akisikia kwamba makala yamepanda bei hudhani ni khabari za magazeti, kumbe ni khabari ya jiko. Na kwao ni khabari kubwa kuliko ya gazeti lolote.

Nchini humo mtu mmoja tu kati ya watano, au pungufu kidogo, ana umeme. Kinshasa peke yake inakadiriwa kuwa na zaidi ya watu milioni 15. Chungu cha sombe, ambacho sisi tungekiita kisamvu, hakiivi kwa maombi. Kinaiva kwa makaa, na makaa yanatoka kwenye miti iliyokatwa, ikapangwa, ikafunikwa udongo na kuchomwa taratibu kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea humo humo ndani ya tanuri, ndiyo maana gunia moja la makaa hula mti mwingi kuliko watu wanavyokisia. Kila mji unapokua, duara la miti iliyokatwa pembezoni mwake hukua nalo, na malori hufuata makaa mbali zaidi.

Hapa pana kejeli chungu. Mto Kongo, kwenye maporomoko ya Inga, una uwezo wa kutoa kiasi cha megawati 40,000 za umeme. Mabwawa mawili yaliyopo, Inga 1 la mwaka 1972 na Inga 2 la mwaka 1982, yalijengwa kwa uwezo wa chini ya megawati 1,800, na hata hizo hazijawahi kuwafikia wananchi wengi. Nchi yenye mto wenye nguvu kiasi hicho inapikia misitu yake.

Mashariki makaa yamekuwa pia mali ya vita. Miti ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, hukatwa na kuuzwa Goma, na makundi yenye silaha hutoza ushuru njiani. Uongozi wa hifadhi uligundua kwamba askari wa wanyamapori peke yao hawatoshi. Ukajenga mitambo midogo ya umeme wa maji, ukiwamo wa Matebe uliozinduliwa mwaka 2015 wenye megawati zisizozidi 14, ili Goma ipate umeme na viwanda vidogo vizaliwe. Ni kiasi kidogo kulingana na haja, lakini hoja ni sahihi: ushindani wa gunia la makaa ni umeme au gesi ya bei anayoiweza mama wa nyumbani. Marufuku peke yake hupandisha bei ya gunia na kumtajirisha anayepokea rushwa kizuizini.

Mlango wa tatu: ubao

Sasa tuje kwa magogo. Asilimia 10 haina maana kwamba makampuni hayana lawama. Kampuni ya magogo kwa kawaida haifyeki msitu wote. Huchagua miti michache yenye thamani katika kila hekta. Hatari yake kubwa ni barabara inayoichonga kuufikia mti huo. Gogo likishatoka, barabara hubaki. Nyuma yake huja mwindaji, kisha mchoma makaa, kisha mkulima.

Mwaka 2002 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya kuvuna magogo. Amri hiyo ipo mpaka leo, kwenye karatasi. Mwezi wa Aprili 2022 ulitolewa hadharani ukaguzi wa Inspekta Mkuu wa Fedha wa Kongo yenyewe, ukionyesha kwamba mawaziri kadhaa waliofuatana waligawa na kuhamisha maeneo ya misitu kinyume cha sheria. Si wazungu wa mashirika ya mazingira waliosema hayo. Ni wakaguzi wa serikali.

Hata hivyo, mbao nyingi zinazokatwa Kongo hazipiti kwenye makampuni hayo. Zinakatwa na vijana wenye misumeno ya mashine ambao hupasua gogo papo hapo msituni na kuzitoa mbao vichwani, kwa baiskeli na kwa pikipiki mpaka pahala lori linapofika. Sehemu kubwa hutumika Kongo kwenyewe. Zinazotoka Ituri na Kivu ya Kaskazini huvuka kuingia Uganda, hufika Kampala, na nyingi huendelea mpaka Kenya. Humo zimo mbao za jamii ya mahogani ambazo wafanyabiashara wa Ituri huziita libuyu, na humo umo mvule. Zikivuka mpaka bila ya hati, hupata hati upande wa pili, na mti wa Mambasa hugeuka kuwa mti wa Uganda kwa muhuri mmoja.

Kenya ina fundisho la kutoa hapa. Mwezi wa Februari 2018 ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake ya umma, na marufuku yakadumu mpaka Julai 2023 alipoyaondoa Rais Ruto. Nia ilikuwa njema. Lakini watu hawakuacha kujenga nyumba wala kuchonga vitanda, na mbao za nje zikazidi kuhitajika. Nchi ikilinda msitu wake bila ya kupunguza mahitaji yake au kupanda miti ya kutosha, inakuwa imeuhamisha msumeno kwa jirani, na jirani mwenye serikali dhaifu ndiye anayeumia.

Mlango wa nne: kakao

Mlango huu ni mpya zaidi, na unafunguka haraka. Mwezi wa Disemba 2024 bei ya kakao katika soko la New York ilipita dola 12,000 kwa tani, bei isiyowahi kuonekana, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya. Baadaye ilishuka sana, lakini mti wa kakao ukishapandwa haung'olewi kwa sababu bei imeshuka.

Kakao hupenda joto, mvua na udongo wenye rutuba, yaani hupenda pahala penye msitu. Katika maeneo ya Beni, Irumu na Mambasa imekuwa zao la kuokoa maisha, na pia la kupoteza maisha. Wakulima huvamiwa mashambani na waasi wa ADF, wengine wameuawa wakati wa mavuno, na sehemu ya kakao huvuka mpaka kwa magendo. Anayenunua kipande cha chokoleti hana njia ya kuyajua hayo.

Ulaya imejaribu kuweka njia. Sheria yake ya mwaka 2023 inataka anayeingiza kakao, kahawa, mafuta ya mawese, mpira, soya, mbao au bidhaa za ng'ombe athibitishe kwamba hazikutoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Disemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja kwa shinikizo la wafanyabiashara na nchi zinazouza. Na ina kasoro: mkulima mwenye ekari mbili huko Mambasa atapataje vipimo vya shamba lake kwa setilaiti? Pasipokuwa na msaada, sheria itamfungia yeye soko, na mfanyabiashara mkubwa atapita. Lakini angalau Ulaya imeuliza suali. Masoko yetu ya Ghuba bado hayajauliza.

Kinachopotea

Wengine husema: wacha wakate, watu kwanza. Tatizo ni kwamba watu ndio wa mwanzo kupoteza.

Msitu wa Kongo hutengeneza sehemu kubwa ya mvua yake wenyewe. Maji hupanda kupitia majani, hugeuka mawingu na kunyesha tena mbele. Watafiti wameonyesha kwamba sehemu ya unyevu huo husafiri mpaka nyanda za juu za Ethiopia, ambako Nile ya Buluu hupata maji. Mkulima wa Ituri akipoteza msitu anapoteza mvua ya mihogo yake, na mkulima wa mbali, asiyejua hata jina la Ituri, anaweza kupungukiwa naye.

Pia upo udongo wa mboji. Katikati ya bonde, pande zote mbili za mpaka wa Kongo mbili, kuna mabwawa yaliyojaa mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2017 wanasayansi, akiwamo Suspense Ifo wa Chuo Kikuu cha Marien Ngouabi cha Brazzaville, walitangaza kwamba mabwawa hayo yamehifadhi kiasi cha tani bilioni 30 za kaboni. Yakiendelea kuwa na maji, kaboni hiyo hulala. Yakikaushwa, huamka. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa ardhi hiyo; mwaka 2024 ikafuta mnada; mwaka 2025 ikatangaza vitalu vingine 52.

Na wako watu wa msitu wenyewe, Wambuti na Waefe wa Ituri, ambao hawana shamba wala mji wa kukimbilia. Msitu ukienda, kwao si mandhari iliyobadilika. Ni duka, hospitali na skuli vimefungwa siku moja. Bunge la Kongo lilipitisha sheria ya kulinda haki zao, ikatiwa saini mwaka 2022. Kazi iliyobaki ni kuitekeleza.

Ahadi ni nyingi, zinafika wapi?

Glasgow, mwaka 2021, zaidi ya nchi 140 ziliahidi kusimamisha upotevu wa misitu ifikapo mwaka 2030. Hapo hapo Rais Tshisekedi alitia saini makubaliano ya dola milioni 500 kwa miaka mitano na nchi wafadhili. Dubai, mwaka 2023, ahadi ya 2030 ikarudiwa katika waraka wa mwisho wa mkutano wa COP28. Dubai hiyo hiyo Brazil ilitoa wazo la mfuko wa kudumu wa misitu ya kitropiki, uliozinduliwa rasmi Belém mwezi wa Novemba 2025: nchi italipwa kiasi cha dola 4 kwa kila hekta ya msitu uliosimama, kila mwaka, na moja ya tano ya fedha hizo iende kwa wenyeji wa msitu. Mwezi wa Januari 2025 Kongo nayo ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, wenye zaidi ya kilomita za mraba 540,000. Mwezi huo huo waasi wa M23 wakauteka mji wa Goma.

Hesabu ya mfuko wa Belém tuitazame kwa macho ya kijijini. Dola 4 kwa hekta, na moja ya tano yake ni senti 80 kwa mwaka. Hekta moja ya kakao, hata bei ikiwa mbaya, inampa mkulima mamia ya dola. Kwa hiyo mfuko huo hauwezi kushindana na shamba kwa fedha mkononi. Unaweza kusaidia kwa njia moja tu: fedha zikikusanywa pamoja na kutumika kwa yale ambayo mkulima peke yake hayawezi, yaani hati ya ardhi ya kijiji, mbegu na ujuzi wa kurutubisha konde la zamani, barabara ya kufikisha mazao sokoni, na nishati ya kupikia mjini. Zikibaki Kinshasa katika magari na semina, msitu hautaona hata senti moja.

Mifano ya kufaa ipo, na ni ya Kongo kwenyewe. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kupewa msitu wake wa kimila mpaka hekta 50,000, bila ya kikomo cha muda. Pale jamii zinapopata karatasi hiyo, mwanakijiji huwa na sababu ya kumzuia mgeni mwenye msumeno, kwa kuwa msitu uliosimama nao sasa una mwenyewe. Yangambi, kando ya mto karibu na Kisangani, kituo cha utafiti cha tangu zama za Wabelgiji kimefufuliwa. Wanakijiji wanalipwa kupanda miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni na makaa, pamoja na mazao katikati yake, ili panga lisiingie msitu mkongwe. Hakuna la ajabu humo. Ni mambo madogo yanayomjibu mtu suali lake la kila siku: nitakula nini, nitapikia nini.

Kuna hoja ya Wakongo ambayo tusiikwepe. Husema: Ulaya ilikata misitu yake ikatajirika, Ghuba imejengwa kwa mafuta, leo sisi ambao mchango wetu katika moshi wa dunia ni mdogo mno tunaambiwa tukae gizani ili wengine wapumue. Hoja hiyo ni ya haki. Jibu lake haliwezi kuwa mahubiri. Jibu lake ni malipo ya maana, umeme, na soko linalolipa zaidi kwa ubao na kakao visivyoua msitu.

Na sisi wa Ghuba?

Mahitaji ya mbali kuingia misitu ya Afrika ya Mashariki na Kati si jambo la leo, na historia yetu imo. Dari za nyumba za zamani za Muscat, Sur na Kuwait zilishikwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji; upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Biashara hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipozuia kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Na njia iliyokipeleka Kiswahili mpaka Kasongo na Kisangani ilikuwa njia ya misafara ya akina Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, iliyotoka na pembe za ndovu na watumwa. Tunajivunia lugha iliyobaki huko, na ni haki yetu. Lakini lugha hiyo ilisafiri na mzigo, na watu wa Manyema hawajausahau.

Mzigo wa leo ni mwepesi kuuchukua bila ya kujua. Familia nyingi hapa Ghuba zinajenga nyumba Mombasa, Unguja, Tanga au Dar es Salaam. Kila mmoja anataka mlango wa mvule, kitanda cha mkangazi, ngazi ya mbambakofi. Fundi anasema mbao ziko, nzuri, zimetoka bara. Bara gani? Ukiwa Mombasa, jibu linaweza kuwa Ituri.

Suali hilo sasa lina nguvu ya sheria. Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, Panama, mwaka 2022, uliziweka jamii za mkangazi, mbambakofi na mninga za Afrika kwenye orodha ya miti ambayo haivuki mpaka bila ya kibali. Kongo, Uganda, Kenya, Tanzania, Oman na Imarati zote ni wanachama. Maana yake ni kwamba mteja ana haki ya kumwuliza muuzaji: kibali kiko wapi, na mti umekatwa nchi gani? Asiye na jibu, tumwache na mbao zake. Mbao za msaji uliopandwa mashambani Tanzania zipo, ni ngumu, mchwa haziwezi, na mlango wake hauna aibu.

Mtu atasema, mlango wangu mmoja utaokoa nini? Peke yake, hautaokoa kitu. Lakini mwaka 2012 Baraza la Usalama lilipopiga marufuku makaa ya Somalia, ambayo wateja wake wakubwa walikuwa hapa Ghuba, biashara haikusimama kwa amri. Ilipungua pale bandari zilipoanza kuangalia hati na wanunuzi wakaogopa kupoteza mzigo. Mnunuzi akiuliza, muuzaji hubadilika. Wafanyabiashara wetu wanaoagiza mbao, kakao na kahawa kutoka Kampala na Mombasa wana nguvu hiyo, na wawekezaji wetu wanaotafuta miradi Afrika wanayo zaidi. Megawati 10 za umeme wa maji Beni au Kisangani zinaweza kuokoa miti mingi kuliko mikutano kumi ya kimataifa.

Msitu wa Kongo haumalizwi na adui mmoja tunayeweza kumnyooshea kidole. Unamalizwa na mkulima asiye na hati, mama asiye na umeme, kijana mwenye msumeno asiye na kazi nyingine, na mnunuzi asiyeuliza. Watatu wa mwanzo hawana nafasi ya kuchagua. Wa nne anayo, na mara nyingi ni sisi.